Mfadhili wa Benchi la Mbele

Madereva wa malori wanaotoka bandarini Mombasa, wakishavuka mizani ya Mariakani, hawana haja kubwa na Samburu. Hununua gunia la makaa, huuliza bei ya mbuzi wasiyekusudia kumnunua, hulitaja jua letu kwa maneno ambayo gazeti haliwezi kuyachapa, kisha hao, Mackinnon Road. Hawajui wamepita mlangoni pa hazina. Maana kila kibanda cha vidio, kuanzia hapa kwetu hadi Ukunda na Msambweni, kina mtu wake ambaye picha ameiona kabla ya wenzake, nasaba za waigizaji wa mateke anazijua kuliko anavyowajua shemeji zake, na hawezi kuvumilia mtu alale na ujinga ambao yeye angeweza kumwondolea jioni ile ile. Sisi tunaye wetu. Wasio na shukrani humwita kero.

Mtu huyu huja mapema. Hukaa benchi la mbele, katikati, na kwa kuwa Mungu alimjalia kichwa cha kutosha, waliokaa nyuma yake hupumzisha macho kwa nusu nzima ya skrini. Stelingi akitokea tu, yeye hutupoza roho: "Huyu hafi." Kwamba stelingi hafi ni kanuni anayoijua kila mtoto aliyewahi kutoa sarafu mlangoni pa kibanda. Lakini wengine huishia kwenye kanuni. Wa kwetu huingia kwenye utekelezaji. Huwataja watakaokufa, kwa utaratibu wao, na silaha ya kila mmoja, na orodha hiyo huwa imekamilika kabla majina ya waigizaji hayajamaliza kupita.

Chukueni Commando, picha ya 1985. Huko kwingine duniani watu waliketi saa moja na nusu moyo ukiwadunda, hawajui kama Arnold Schwarzenegger atampata binti yake aliyetekwa. Samburu hakuna aliyeteseka hivyo. Tangu Anodi alipoonekana akishuka mlimani na gogo begani, tulikwisha kujua mtoto atarudi salama, na muda uliobaki tukautumia kuwaza karo na maji. Wengine walilala, tena usingizi mzuri, risasi zikilia. Ningependa kuonyeshwa hoteli moja ya Diani inayoweza kumpa mgeni wake utulivu wa namna hiyo.

Lile gogo nalo lina somo lake. Mwigizaji yule yule, tunakumbushwa, alichaguliwa gavana wa California mwaka 2003 na akakaa madarakani hadi 2011. Sisi magavana wetu wa kwanza tuliwachagua 2013. Kwa maoni ya mfadhili wetu, kasoro zote za ugatuzi zinatokana na kuwaruhusu wagombea wapite bila kubebeshwa kitu begani. Nimesikia wataalamu wakilipwa posho kwa hoja dhaifu kuliko hiyo.

Picha nyingi zinazofika kwetu zimepitia mikononi mwa DJ Afro, ambaye Wakenya hawahitaji kuelezwa ni nani: ndiye anayewafanya Wahindi na Wachina wagombane kwa Kiswahili cha mtaani, kila mmoja na mzaha wake. Mahali pengine sauti yake moja inatosha. Kwetu huwa mbili. DJ Afro hueleza kinachotokea, na wa benchi la mbele hueleza kitakachotokea, kwa sauti kubwa zaidi ili asimkatize mwenzake. Mzee mmoja wa hapa, ambaye huja kwa sababu ya feni, aliwahi kumwomba: "Mwanangu, hebu tumsikilize na huyo mwingine kidogo." Akajibiwa kwa adabu zote, "Babu, huyo anakosea," na ikathibitika, baada ya dakika kumi, kwamba kweli DJ Afro alikuwa amemwita adui jina la kupachika. Sote tulimwonea mzee huruma kwa karibu kudanganyika.

Nisipitie haraka suala la mafunzo kwa vitendo. Katika Bloodsport ya 1988, Jean-Claude Van Damme hurushiwa unga machoni na Chong Li, akawa haoni, akalazimika kumpiga adui yake kwa kusikiliza. Mtu wa kawaida akitazama hayo hushangilia, akaenda zake nyumbani. Wa kwetu huona pengo: je, wenzangu wameelewa ilivyowezekana? Basi husimama, hufumba macho kwa kweli, bila kuchungulia, na huturudia pambano zima kwenye kile kijinafasi kilichopo kati ya benchi na televisheni. Ukuta wa udongo unazo kumbukumbu za masomo hayo. Kikombe cha sturungi kilichokuwa mkononi mwa fundi baiskeli kiliingia kwenye historia ya sanaa za mapigano, na fundi mwenyewe sasa anajua jambo ambalo vitabuni hulipati, kwamba teke la kuzunguka hufika kabla ya kuomba radhi. Kisha, angali anahema, mwalimu wetu akatuambia kwamba Chong Li ni Bolo Yeung, yule yule mwenye kifua aliyekuwamo katika Enter the Dragon, 1973. Hiyo ni miaka 15 kifua kile kile. Nani angetuambia?

Na akishafika Enter the Dragon, hufika kwa Bruce Lee, na akifika kwa Bruce Lee, mwenye kibanda huzima jenereta ili kuokoa petroli. Alizaliwa San Francisco Novemba 1940, akafariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 akiwa na umri wa miaka 32, wiki chache kabla ya Wamarekani kuanza kuitazama picha iliyompa jina duniani kote. Hapa kanuni ya stelingi hafi hupata tabu, na mfadhili wetu hakwepi: stelingi hafi ndani ya picha, anasema, nje ya picha ni amri ya Mungu. Mimi nimekaa madarasani miaka mingi na sijawahi kupewa tofauti safi namna hiyo kati ya sanaa na maisha.

Katika mieleka ndipo hisani yake inapogeuka kuwa kazi ya kijamii. Watoto wa shule za msingi wa miaka ya tisini, nchi nzima hii, waliamini Undertaker hufa na kufufuka. Na ilipofika Agosti 1994, wakatokea ulingoni Undertaker wawili wakapigana wao kwa wao, imani ikazidi kuota mizizi. Wengi wetu tuliachwa hivyo, hakuna aliyekuja kutusaidia. Yeye alikuja. Alituketisha matangani, watu wakisubiri wali wa kufungia, akatueleza kwamba yule ni Mark Calaway, kwamba yule wa pili alikuwa mtu wa kuazimwa, na kwamba marehemu hafufuki. Jamaa wa marehemu walimtazama sana. Naamini walifarijika.

Siku ile ile, kwa kuwa mchele ulichelewa, alituletea habari za Kamala. Mnamkumbuka Kamala, Jitu la Uganda: tumbo limepakwa rangi, kinyago usoni, mkuki mkononi, asiyejua kusema, na aliyesemekana kuwa zamani alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Waganda wangapi walipata taabu kwa ajili yake sijui. Basi Kamala alikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, na Kiingereza alikisema tangu alipojifunza kusema. Alifariki Agosti 2020. Wamarekani wenzake walilipa viingilio miaka na miaka kumwogopa jirani yao. Kuna vyuo vikuu vyenye idara nzima za kuchunguza jinsi Mzungu anavyomchora Mwafrika; sisi somo hilo tulilipata bila ada, tumekaa mkekani, na likamalizika kabla ya mchuzi.

Vichekesho vya kuchorwa ni mlango mwingine. Samburu, kama sehemu kubwa ya Kinango, maji ni ya kupanga foleni, na foleni ya maji ni ndefu kuliko hotuba. Hapo ndipo madumu yanapojipanga na yeye akajipanga katikati yake bila dumu. Superman wa 1938 na Batman wa 1939, nani angemshinda mwenziwe? Akina mama ambao hawajawahi kuwaona wote wawili sasa wana misimamo, na mmoja amehama upande. Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyetuchekesha miaka mingi katika Taifa Leo, anakubaliwa kuwa shujaa lakini wa daraja la chini, kwa kuwa harushi hata ngumi moja. Lance Spearman, mpelelezi wa magazeti ya picha ambaye baba zetu walimsoma mwishoni mwa miaka ya sitini na kofia zao wakaziinamisha kama yake, hukataliwa kabisa: alipigwa picha, hakuchorwa. Mjomba mmoja mwenye nakala kuukuu sandukuni alichukia, wakaacha kusalimiana. Nakala za Shujaaz, lile jarida la Boyie na redio yake ya siri lililoanza 2010 likigawiwa bure ndani ya gazeti, anazo nyingi, na haziazimishi. Ukitaka kujua kilichomo atakuhadithia. Hutaki, atakuhadithia.

Ila kazi yake kubwa kwa kaunti hii ni utafiti wa Wakanda. Stan Lee na Jack Kirby walimtoa Black Panther mwaka 1966, na ramani za hao Marvel huiweka Wakanda upande wa Ziwa Turkana. Kusini ya ziwa hilo, anatuambia, ipo Samburu. Kwa hiyo Samburu inapakana na Wakanda. Mtu akisema kwamba Samburu ile ni nyingine, ni ya Maralal, yenye ngamia na tembo, na kutoka hapa ni safari ya kupita Nairobi, hujibiwa kwamba hayo ndiyo wanayotaka tuamini. Ushahidi? Vibranium. Si kweli kwamba huku kwetu Kwale walichimba mchanga wa titani tangu 2013, wakapakia melini pale Likoni, wakaondoka mwisho wa 2024? Si kweli kwamba Mlima Mrima una niobi na madini mengine ambayo majina yake hata aliyekuja kuyapima huyasoma kwenye karatasi? Sasa kati ya madini yote hayo yenye majina ya ajabu, vibranium ndiyo ikosekane? Hoja hii nimeitafutia jibu, na la kusikitisha ni kwamba kila ninalolipata linaanza na neno "serikali imesema".

Ngumi za kweli pia anazo, ingawa huzisema kwa sauti nyingine. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham, mtu asiyejulikana, akamwangusha Sam Eggington kwao raundi ya pili. Mwakinyo ni wa Tanga, Tanga ni hapo ukishavuka Lunga Lunga, na kwa haki ya ujirani sehemu ya ushindi ule ni ya Kwale. Kiasi gani, bado anapiga hesabu. Robert Wangila naye humtaja kila mwaka wa Olimpiki, maana nishani yake ya Seoul 1988 ndiyo dhahabu pekee ambayo Kenya imewahi kuipata katika ndondi. Akifika Las Vegas, 1994, ulingo ambao Wangila aliutoka akafa, hasimami kutuonyesha chochote. Hukaa. Halafu huuliza nani ana njugu.

Sasa nasikia mwenye kibanda amechoka. Amesema atamtoza mara mbili, ama amkataze kabisa kuingia, kwa kuwa wateja wanahamia kwenye mpira. Hili ni kosa la kibiashara na nimemwandikia kumweleza. Kijana huyu hutazama picha moja na sisi tukapata mbili: ile iliyopo na ile anayoieleza. Kiingilio ndicho kingepanda, na atozwe kila mmoja wetu, isipokuwa wanaolala, ambao wangetozwa cha malazi. Yeye alipwe. Kama kaunti haina fungu la namna hiyo, lile la utamaduni na michezo linamfaa pande zote, na kama wanataka cheti cha kazi, ukuta upo.

Mwenye kibanda nilimpelekea barua mwenyewe, akaisoma, akaipindua kuona kama nyuma kuna kitu. Ameahirisha uamuzi hadi Jumamosi, ambapo wanaonyesha Game of Death, ile ambayo Bruce Lee aliiacha haijaisha, ikamaliziwa kwa watu wa kufanana naye na kutolewa 1978. Kuna mahali, tumekwisha kuambiwa, sura yake imekatwa kwenye karatasi ngumu na kubandikwa juu ya kioo, na tusipoangalia hapo tutakuwa tumepoteza pesa. Mwishoni yupo Kareem Abdul-Jabbar wa mpira wa kikapu, mita mbili na ushei, dhidi ya Bruce Lee anayemfikia kifuani. Mfadhili wetu atakuwa Kareem, hilo halina mjadala, urefu anao. Anatafuta mtu mfupi. Fundi baiskeli amesema ana safari ya Kinango, na tangu Jumatano kijana huyu kila nikipita hunyamaza, akaniangalia kuanzia utosini hadi viatuni.