Waraka kwa wauzaji wa majiko ya kuchomea: ulizeni kwanza gesi ya nyumbani

Kwenu ndugu wafanyabiashara, wenye fremu za Kariakoo na wenye maduka yenye viyoyozi kando ya Barabara ya Bagamoyo,

Nawaandikia kwa heshima, kwa sababu biashara yenu naitakia heri. Jiko zuri la kuchomea linabadilisha maisha ya nyumba. Mishkaki inaliwa Jumanne bila kusubiri sikukuu, samaki changu anatoka soko la Feri asubuhi na mchana yuko mezani, na mama wa nyumba hakai nusu saa akipuliza mkaa. Mtu anayewaletea watu kitu hicho anastahili shukrani, nami nawashukuru. Baada ya shukrani, naomba mnivumilie niseme linaloniuma.

Nimeingia katika maduka yenu mengi. Nimeulizwa nina bajeti gani, nataka rangi gani, nyumbani tuko wangapi, na kama nitahitaji kirikuu cha kubebea mzigo. Swali moja sijaulizwa hata mara moja: nyumbani kwako mnatumia gesi gani? Na hilo ndilo swali ambalo, lisipojibiwa, mengine yote hayana maana.

Zamani mlikuwa na udhuru. Gesi ya Songo Songo, huko Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, lakini ilifika Dar es Salaam mwaka 2004, nayo ilikwenda kwenye mitambo ya umeme na viwanda. Jikoni tulikuwa na mtungi peke yake, kwa hiyo kila jiko la gesi lilikuwa la mtungi na hapakuwa na cha kuuliza. Siku hizo zimepita. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limeingiza bomba la gesi asilia katika nyumba za Mikocheni, za Sinza, na hata za Mtwara. Mteja anayesimama mbele yenu leo anaweza kuwa na mtungi wa kilo 15 chini ya meza, au akawa na mita ukutani. Kwa kumtazama usoni hamwezi kujua. Lazima muulize.

Wengine wenu mmenijibu kwamba gesi ni gesi. Kwa adabu zote, hapana. Gesi asilia ni methani kwa sehemu kubwa sana. Ni nyepesi kuliko hewa, na inafika jikoni kwa presha ndogo. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Ni nzito kuliko hewa, na ujazo wake mmoja una joto zaidi ya mara mbili ya ujazo huo huo wa methani. Ndiyo maana mtengenezaji hutoboa nozeli za aina mbili. Ya gesi asilia ina tundu pana ili gesi nyingi ipite. Ya mtungi ina tundu jembamba. Regyuleta nayo ni tofauti, kwa sababu presha ni tofauti.

Fungeni jiko la mtungi kwenye bomba la gesi asilia, mtaona mwali unanywea. Joto linashuka hadi nusu, pengine chini ya nusu. Nyama haikauki juu wala haishiki rangi. Inatoa maji, inachemkia humo humo, na inatoka ya kijivu. Mteja anarudi nyumbani akisema gesi ya bomba haina nguvu, kumbe gesi haina kosa lolote. Sasa fanyeni kinyume: jiko la gesi asilia mlifunge kwenye mtungi. Tundu pana linamwaga gesi kupita kiasi, mwali unaruka juu wenye ncha za njano, masizi yanapaka sufuria na nyama, na hewa inajaa kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu wala rangi. Hilo la pili si suala la ladha tena. Ni suala la nyusi, mikono na uhai wa mtoto aliyesimama karibu.

Mkibanwa hapo, jibu lenu huwa moja: "Usijali, fundi atatoboa kidogo." Ndugu zangu, hilo jibu liacheni. Tundu la nozeli lina upana wa milimita moja hivi. Mkiliongeza sehemu moja tu ya kumi ya milimita, eneo lake linaongezeka kwa karibu asilimia 20, na gesi inayopita inaongezeka vivyo hivyo. Fundi mwenye mkono mtulivu kuliko wote mjini hawezi kutoboa vichomeo vinne kwa keekee ya mkononi vikalingana. Tena kutoboa nozeli hakubadilishi regyuleta, wala hakurekebishi tundu la kuingiza hewa kwenye kichomeo. Njia halali ya kubadilisha jiko ni kutumia seti ya mtengenezaji mwenyewe: nozeli zake, regyuleta yake, mpira wake, na karatasi ya kubandika inayosema jiko sasa ni la gesi ipi. Kama mtengenezaji hatoi seti hiyo, na wapo wasioitoa kabisa, basi jiko hilo halibadilishwi. Mteja ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajatoa pesa, si baada.

Nawasihi zaidi ninyi mnaouza majiko yanayoshuka kwenye makontena kutoka Marekani na Kanada. Ni majiko mazuri, mengi yana chuma kizito kuliko haya mapya ya bei ya chini. Lakini kule nyumba nyingi zina bomba la gesi asilia, na jiko moja, la umbo lile lile na rangi ile ile, huuzwa katika matoleo mawili: la gesi asilia na la propani. Kinachoyatofautisha ni kibao kidogo nyuma ya jiko au ndani ya mlango wake, kilichoandikwa aina ya gesi na presha inayotakiwa. Nimeona majiko dukani ambayo kibao kimebandukwa, au kimepakwa rangi juu yake. Jiko lisilo na kibao halijulikani ni la gesi gani, na kitu kisichojulikana hakiuzwi kwa watu wenye familia. Lenye kibao nalo presha yake ilinganishwe na ile inayotoka kwenye mita. TPDC wapo, waulizwe.

Sasa tuzungumze namba mnazozipenda. Mnasimama mbele ya jiko pana na kusema: "Hili lina BTU 36,000." Hizo ni kama kilowati 10 na nusu, na ni kweli. Mnaloacha kusema ni kwamba namba hiyo ni ya gesi inayochomwa kwa saa, haielezi joto linaloigusa nyama. Kilowati 10 na nusu chini ya wavu wa sentimita za mraba 2,600 ni wati 4 kwa kila sentimita ya mraba. Hapo mshikaki unashika rangi upesi. Moto huo huo ukitandazwa chini ya wavu wa sentimita za mraba 3,900 unabaki wati 2.7, na mchomaji atasubiri sana. Jiko kubwa lenye moto mdogo ni meza ya chuma. Mteja akiuliza nguvu ya jiko, mpeni namba zote mbili, ya joto na ya ukubwa wa wavu, agawanye mwenyewe.

Mpeni pia hesabu ya bomba. Jiko la kilowati 12 linakula zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo ya gesi asilia kwa saa, na bomba la nyumbani huenda lilipimwa kwa ajili ya jiko la plate mbili au nne tu. Likivutwa hadi uani kwa bomba jembamba, presha inashuka njiani, na siku ya wageni moto wa uani na wa jikoni yote miwili inafifia. Fundi aliyeidhinishwa anapaswa kujumlisha vyote vinavyotumia gesi katika nyumba, kupima urefu wa njia, ndipo achague unene wa bomba. Duka linaloahidi kufunga jiko "bure" kwa kipande cha mpira na klipu mbili linamuuzia mteja hatari.

Kuhusu chuma, mimi ni mtu wa pwani na ninyi pia, kwa hiyo tuambiane ukweli. Chumvi ya bahari haijali mng'aro. Chuma cha pua cha daraja la 304 kinaistahimili vizuri. Cha daraja la 430 kinaanza madoa ya kutu mapema. Najua mnapenda kutoa sumaku mfukoni kumwonyesha mteja kwamba haishiki. Sumaku ikishika kwa nguvu, ni onyo la kweli. Lakini isiposhika haijathibitisha kitu, kwa sababu daraja la 201, ambalo ni la bei nafuu na linashika kutu kwa urahisi kuliko 304, nalo halivutwi na sumaku. Mnaojua hilo na bado mnaitumia sumaku hiyo kama ushahidi, tafadhali iacheni. Andikeni daraja la chuma kwenye risiti. Na msimwonyeshe mteja mfuniko tu; mwonyesheni vichomeo, maana kinachooza kwanza ni kile kinachokaa motoni. Mwambieni kama vipuri vyake vipo dukani kwenu au havipo.

Tena, msiseme jiko la gesi linatoa ladha ya mkaa. Methani ikiungua vizuri inatoa mvuke wa maji na kaboni dioksidi, basi. Moshi wenye ladha unatoka kwenye mafuta ya nyama yanayodondokea mabati ya moto yaliyo juu ya vichomeo na kuungua hapo. Kwa hiyo mabati hayo yawe mazito na yawe na mteremko, ili moshi upande na mafuta yanayobaki yashuke kwenye trei badala ya kuwasha moto mkubwa. Wavu uwe wa chuma cha kusubu, unaohifadhi joto. Vichomeo visipungue viwili, kila kimoja na swichi yake, ili upande mmoja uwe mkali kwa mishkaki na upande wa pili uwe mpole kwa kuku wa kienyeji anayetaka muda. Mfuniko uzibe vizuri. Jiko la namna hiyo lina sifa zake za kutosha, halihitaji kuazima za mkaa. Wahenga walishasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Kwa sababu taifa lina Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mkakati huo hautekelezwi kwenye makabrasha peke yake. Unatekelezwa kwenye kaunta zenu, mteja anapofungua pochi. Familia iliyouziwa jiko lisilolingana na gesi yake haiandiki malalamiko. Inalisukuma jiko kwenye kona, inalitundikia nguo, na inarudi kununua gunia la mkaa. Majirani nao wanaona na kujifunza. Uuzaji mbaya mmoja unawafunza watu wa mtaa mzima kuiogopa gesi, na lawama za woga huo mnazo ninyi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ninayowaomba hayagharimu mtaji. Mteja akiingia, swali la kwanza liwe gesi yake. Kila jiko liwe na kibao kinachosomeka, pamoja na karatasi ya Kiswahili inayosema gesi, presha, joto, ukubwa wa wavu na daraja la chuma. Siku ya kulifunga, fundi awepo; kila kiungo kipakwe povu la sabuni na kitazamwe kama kinatoa mapovu, wala asithubutu kutafuta uvujaji kwa kiberiti. Koki ya kufungia gesi iwe mahali ambapo mkono unafika bila kuvuka moto. Jiko likae nje, penye hewa, si kwenye baraza lililozibwa kwa vioo. Mwali utazamwe mpaka uwe wa bluu na uliotulia, na baada ya hapo mteja aonyeshwe jinsi ya kusafisha mirija ya vichomeo, kwa sababu buibui hupenda kujenga humo na utando wao unaurudisha moto nyuma. Na kama hamna jiko linalofaa gesi ya mteja, mwambieni hamna. Mtakosa mauzo ya siku hiyo, lakini mtu huyo atawaleta ndugu zake.

Nanyi wateja wenzangu, ambao najua mtausoma waraka huu ingawa haukuandikwa kwenu: msilipe kabla muuzaji hajakisoma kibao cha jiko kwa sauti mbele yenu, na kama hakisomi, rudini nyumbani na pesa zenu.

Wasalaam,
Mnunuzi wenu, Dar es Salaam