Viganja Vitazamane

Jumatatu
Chaki imeniponyoka mbele ya kidato cha pili nikichora pembetatu. Mwanafunzi mmoja akauliza kama mstari ulioteremka hadi chini ya ubao ni sehemu ya mchoro. Nikasema ndiyo. Wote wakaunakili.

Kutoka Akheri hadi Tengeru ni mteremko wa mawe na mashimo, na uzito wangu wote unateremka juu ya viganja. Nikifika shuleni, kidole cha mwisho na jirani yake vinakuwa vimekufa ganzi. Nesi amenieleza kuwa kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja kuvihudumia vidole hivyo viwili, na mimi naukalia. Ameniandikia dawa ya maumivu. Nikamwambia maumivu sina. Akasema ndiyo iliyopo.

Jumanne
Nimempelekea fundi baiskeli chini ya mparachichi wake. Hakuitazama baiskeli. "Shikamoo Mwalimu. Simama wima, achia mikono." Nikaachia. "Viganja vinatazama wapi?" Vinatazamana. "Sasa shika usukani." Nikashika. Viganja vikatazama chini, viwiko vikatoka nje, shingo ikaingia mabegani.

Baiskeli yangu ni ya gia, ya mtumba, usukani wake umenyooka kutoka ncha hadi ncha. Fundi anasema ulitengenezewa vijana wanaokimbilia kitu. Mimi nahitaji ule unaopinda kurudi nyuma, ulioinuka kidogo, ili mikono ishike jinsi inavyoning'inia na mgongo usimame. Watu waliokuwa wakingoja kuzibiwa pancha nao walikuwa wamesimama wima, mikono imening'inia, wakitazama viganja vyao.

Jumatano
Siku ya soko Tengeru. Fundi kanipatia usukani wa Phoenix kuukuu, ile baiskeli ya Shanghai iliyobeba ndizi za mkoa huu kabla ya bodaboda. Mpindo wake ni huohuo tunaoutafuta. Waingereza wanauita North Road, kwa jina la klabu ya waendesha baiskeli iliyoanzishwa kwao mwaka 1885, na inasemekana wale walikuwa watu wa mbio. Hilo sikumwambia fundi.

Haukufaa. Usukani wa Phoenix umeungwa moja kwa moja na shingo yake, na breki zake ni za vyuma, hazitumii waya. Ukiuoa, unaoa na ukoo. Nimerudi nao nyumbani hata hivyo, kwa kuwa ulishalipiwa. Mama watoto ameanikia matambara.

Alhamisi
Ukungu na baridi ya Julai. Jirani anashauri nishushe kiti. Jirani wa pili anashauri nipandishe kiti. Mwenyekiti wa kitongoji anashauri pikipiki. Mama mkwe anasema ni mtori, sinywi wa kutosha.

Jumamosi
Soko tena. Kwenye lundo la vyuma vya mtumba nimekuta usukani uliotoka kwenye baiskeli ya Kijapani, zile za akina mama zenye kikapu mbele. Nimeupima kwa rula ya shule: katikati milimita 25.4, kwa kadiri rula ya shule inavyoweza kuona hiyo nukta nne. Pa kushikia ni milimita 22, sawa na breki zangu. Muuzaji alianza na elfu kumi na tano, tukaishia elfu nane, ndipo akanijulisha kuwa mipira ya kushikia inauzwa peke yake.

Fundi ameufunga jioni. Viganja vinatazamana.

Jumapili
Nimeendea nao ibada ya kwanza. Usukani ukiwa juu zaidi, waya za breki hazitoshi. Nikinyoosha, sawa. Nikikata kulia, waya unavutika na breki ya mbele inajikamata yenyewe. Kanisa liko kulia.

Nikikata kushoto, ncha ya usukani inanigonga goti. Mzee mmoja wa kanisa aliniona nikipinda getini goti likiwa nje, akauliza kama nimeumia. Nikasema hapana, ni usukani wa kustarehe.

Jumatatu
Fundi ametia waya mrefu. Kuhusu magoti anasema usukani ukirudi nyuma, shingo inayoubeba lazima iende mbele, la sivyo utaendesha ukiwa umeukumbatia tumboni. Ametia shingo ndefu zaidi. Magoti yamepona.

Limezuka lingine. Zamani nilipita njia nzima nikitazama gurudumu la mbele, na watu walijua Mwalimu ana haraka. Sasa nimekaa wima, uso uko juu, naonekana naona. Shikamoo kwa wazee wanaochuma kahawa, marahaba kwa watoto, habari za asubuhi kwa wauza maziwa, pole na kazi kwa wanaofyeka mfereji. Bibi mmoja alitaka habari za nyumbani, mtoto mmojammoja. Nikasimama, maana huwezi kumjibu bibi ukiwa unaendesha. Kwenye kitabu cha mahudhurio, sehemu ya sababu ya kuchelewa, nimeandika: salamu. Mkuu wa shule ametia saini.

Jumanne
Vidole vizima. Makalio hayafai. Fundi hakushangaa: uzito uliotoka mikononi haukutoka kwenye baiskeli, umehamia kwenye kiti, na kiti changu ni kile chembamba cha wale vijana wanaokimbilia kitu. Aliyekaa wima anataka kiti kipana chenye springi. Anacho. Nimeanza kushuku kwamba alikuwa nacho tangu Jumanne iliyopita.

Alhamisi
Nimepanda nyumbani na mkungu wa mshare kwenye keria. Zamani nikilala mbele, kifua kilikandamiza gurudumu la mbele. Sasa mimi nimeegemea nyuma na mkungu uko nyuma. Kwenye kipande kikali gurudumu la mbele limenyanyuka, nikawa nimetazamana na Mlima Meru wote, zaidi ya mita 4,500. Nimeshuka, nikasukuma. Kwa kusukuma, usukani huu ni bora kuliko wote niliowahi kushika.

Jumamosi
Binti ameichukua baiskeli kwenda sokoni bila kuuliza, akarudi jioni. Anasema inakaa vizuri, hata haina haja ya kubadilishwa kitu, isipokuwa kengele, maana watu wa Tengeru hawapishi. Ataihitaji pia Jumatano baada ya shule, na Jumamosi zote. Nimemuuliza mimi nitumie nini. Amesema mwenyekiti wa kitongoji alishanishauri.

Kengele ni elfu tatu. Nimeagiza.