Mafua ya Noeli

Mwaka mzima mafua yalinipita. Wiki ya Noeli ndiyo yamenikumbuka. Dar es Salaam yote inatiririka jasho, mimi nimejifunika blanketi najifukiza mwarobaini kama kuku anayesubiri kunyonyolewa. Nilikuwa naimba tenori. Nimeshuka besi bila kuombwa, na mwalimu wa kwaya, asiyewahi kunisifu hata siku moja, kasema sauti sasa imekomaa.

Handel aliandika Messiah kwa siku 24 tu, mwaka 1741. Sisi Haleluya yake pekee tunaifanyia mazoezi tangu Septemba, na bado soprano wanaingia kabla ya kinanda. Safari hii wamepata kisingizio: nimewaambukiza. Sare nimeshalipia, kwa hiyo nitasimama nyuma nichezeshe midomo. Jirani yangu hufanya hivyo kila mwaka, na hana hata kikohozi.