Anwani za kabatini

Jumatatu. Mkanda wa mahindi umegoma. Kiwanda chetu cha unga kiko Kampemba, na mkanda ukilala, bukari ya watu inachelewa. Jana kabati la umeme lilipulizwa vumbi. Kadi mbili za kupokea ishara zinafanana, na aliyezirudisha alibadilisha vichwa vya nyaya. Taa ya sensa inawaka, ila kwenye kadi ya pili: programu ya otomati inaingoja ishara kwenye anwani 0.3, yaani baiti 0, biti 3, nayo inaingilia 4.3. Kijana ninayemfundisha alikuwa ameshaifungua sensa na kuipima. "Yaya, haina kosa," akasema. Kweli haikuwa nalo. Tumerudisha vichwa, mkanda ukaondoka saa nane mchana.

Jumanne. Msimamizi ameleta mchoro wa sensa mpya, umeandikwa 0.8. Anwani hiyo haipo. Baiti ina biti 8, zinahesabiwa kuanzia 0 hadi 7. Baada ya 0.7 ni 1.0. Nimefuta, nimeandika 1.0. Mchoro huohuo unaianza kadi ya pili kwa 2.0, kwa sababu ya kwanza ina njia 16, yaani baiti 2. Aliyechora alijumlisha vizuri, lakini otomati yetu ni Siemens S7-300, nayo imeitengea kila nafasi ya reli baiti 4, zitumike zisitumike. Nafasi ya 1 ni ya kilisha-umeme, ya 2 ni ya kichwa cha otomati chenyewe (CPU), ya 3 inaachiwa kadi ya kuunganisha reli nyingine, hata kama haipo. Kadi za ishara zinaanzia nafasi ya 4, anwani 0.0. Nafasi ya 5 ni 4.0. Mtu asipozibadilisha makusudi, anwani hufuata nafasi. Hili nataka kijana alijue kabla ya lolote lingine.

Jumatano. Umeme umekatika asubuhi, umerudi jioni.

Alhamisi. Ghala la mahindi ni tupu, nimeingia na tochi nikaona sakafu. Skrini inasema limepita nusu. Kadi ya vipimo iko nafasi ya 6, na anwani za vipimo huanza 256 kwenye nafasi ya 4, baiti 16 kwa kila nafasi. Kwa hiyo hapa ni 288. Kila njia inakula baiti 2: 288, 290, 292. Aliyeandika skrini aliweka 289. Inachukua mkia wa kipimo kimoja na kuufanya kichwa, kisha inauunganisha na kichwa cha jirani. Kipimo cha 60, ambacho si kitu, kinasomeka zaidi ya 15,000, na ghala lililojaa ni 27,648. Magari ya mahindi kutoka Kasumbalesa yangerudishwa getini kwa namba hiyo.

Ijumaa. Msimamizi ameomba kitufe cha dharura kipitie njia ya 1.1 tu, kuokoa waya. Nimekataa. Kitufe hicho kikate umeme wa mota chenyewe; programu ipewe taarifa baadaye. Hatukuelewana, lakini waya umevutwa.

Jumamosi. Nimebandika orodha ya anwani ndani ya mlango wa kabati, nikaifunika plastiki kwa sababu ya unga. Kijana ameuliza kama kadi mpya ya nafasi ya 7 itakuwa 8.0, maana ya 6 ni ya vipimo na 8 imebaki wazi. Ni 12.0. Baiti 8 hadi 11 ni za nafasi ya 6 na zitakaa wazi. Amekwenda kuziandika kwenye orodha: "wazi".