Ngeli za Ukungu Katika Gemu za Kompyuta

Ukungu wa gemu una ngeli nne. Kigezo cha kuzigawa si macho ya mchezaji, ni nani aliyeuleta na alikuwa na nia gani.

Ngeli ya kwanza ni ukungu wa ubahili. Skrini ina pikseli 1920 kwa 1080. Mwenyewe, kwa kuihurumia kadi ya grafiki, anaiagiza gemu ichore 1280 kwa 720. Kila pikseli iliyochorwa sasa inatakiwa ijaze moja na nusu kwa upana na moja na nusu kwa urefu, jambo lisilowezekana, basi majirani wanachangiana rangi na kingo zinalegea. Rudisha kipimo cha skrini yenyewe, kisha punguza vivuli. Vivuli ni walaji wakubwa, na hakuna adui aliyekufa haraka zaidi kwa sababu kivuli chake kilipendeza.

Ya pili ni ukungu wa urembo: mwendo unaoacha michirizi, mandhari ya nyuma iliyofifishwa, chengachenga za filamu. Mafundi wa lenzi na kamera walihangaika miaka mingi kuzipunguza kasoro hizi. Wachoraji wa gemu wamezirudisha kwa jasho lao, katika dunia isiyo na kamera hata moja. Zima zote.

Ya tatu ndiyo inayowagombanisha wanazuoni: TAA. Hii hulainisha ngazi-ngazi za kingo kwa kuchanganya fremu ya sasa na zilizotangulia. Ukisimama, picha safi. Ukigeuka, majani yanayeyuka na kila kinachokimbia kinaburuta mzimu wake. Izime basi? Jaribu kwenye Red Dead Redemption 2, toleo la kompyuta la 2019: nywele na manyoya yanageuka vitone vitone, kwa kuwa yalichorwa nusunusu yakitegemea TAA iyakamilishe. Ugonjwa umeshika nguzo ya nyumba. Kinachobaki ni kuongeza ukali wa picha kidogo kidogo, au kuipa kazi DLSS, teknolojia ya kukuza picha iliyochorwa ndogo, ila ujue kwamba kwenye skrini ya 1080, daraja lake linaloitwa la ubora huchora 720 na kukisia yaliyobaki. Hukisia vizuri, tukiri.

Ya nne haihusu gemu. Televisheni inakata pembeni na kuivuta picha, nayo hutibiwa kwa kuwasha hali ya gemu na kuzima ukuzaji. Humo pia imo plastiki ya dukani ambayo haijabanduliwa tangu televisheni inunuliwe. Kabla ya kuigusa, mtafiti aombe kibali kwa mama mwenye nyumba.