Imekaza Hiyo, Mzee

Mama mkwe hakusema neno. Angenitukana ningepata pa kushika. Aliinamia turubai, akachota kwa viganja mtama uliolowa oili nyeusi, akawatupia kuku, na kuku nao wakaukataa. Mashemeji walisimama kimya wakitazama pikipiki niliyoiegesha upande wa juu wa uwanja ikimalizia kumwaga kilichobaki tumboni. Hiyo ni Jumapili, Nyamwaga. Leo Jumatano bado masikio yananichoma.

Bolti ya kumwagia oili ilikuwa imechomoka na kwenda zake. Aliyeifunga ni kijana wa gereji, siku ya sevisi: alipachika kipande cha bomba kwenye mpini wa spana, akaning'inia. "Imekaza hiyo, mzee, haitoki tena."

Hebu tuelewane kuhusu hiyo bolti. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda ina unene wa milimita 12, na kila mzunguko huzama milimita 1.5. Kuikaza kunataka kama Nyutoni-mita 25, yaani ushike spana ya sentimita 25 na kukandamiza kwa uzito wa kilo 10 hivi. Mtoto wa darasa la sita anaweza. Mtu mzima akining'inia kwenye bomba la mita moja anapita kipimo hicho mara nyingi. Bolti ni ya chuma, lakini tumbo la injini ni alumini. Wakivutana, anayekatika ni alumini, na yeye ndiye mwenye bei. Tena nyuzi hazigawani mzigo sawasawa: uzi wa kwanza hubeba karibu theluthi, wa pili hupunguziwa, wa sita upo upo tu. Wa kwanza ukikatika, mzigo wote huurukia wa pili, kisha wa tatu. Spana hulainika ghafla mkononi, na asiyejua hukaza zaidi.

Dawa ya tundu lililoliwa ni nzuri kuliko tundu lenyewe. Unalipanua kwa drili, unapiga tepu ya saizi kubwa kidogo, umeipaka grisi inase vumbi la alumini lisiangukie ndani, kisha unaskrubu humo springi ya waya wa chuma cha pua. Springi hiyo ni nene kuliko tundu, kwa hiyo ikishaingia hujitanua na kung'ang'ania ukuta. Chini ina kimkia cha kuizungushia. Unakivunja na kukitoa. Bolti sasa inauma chuma, na nyuzi huwa imara kuliko za kiwandani. Wamarekani waliibuni miaka ya 1930, na ndege za Vita vya Pili vya Dunia ziliruka nayo.

Gereji yetu hainayo. Ina sabuni ya kipande, ya kuzibia tundu huku ukiambiwa uende polepole.

Hapo ndipo kicheko kinaponiishia. Kutoka hapa hadi Nyamongo si safari. Huko mgodi unatoa dhahabu kwa mitambo tangu 2002, na mitambo ya namna ile hufungwa nati kwa spana zenye kipimo. Sisi wa nje ya uzio kipimo chetu ni mguno wa fundi. Spana hiyo gereji ingeweza kuinunua, lakini kwa nini? Aliyeharibu hulipwa kwa kuharibu, hulipwa kwa sabuni, halafu hukuuzia kava la injini la mtumba.

Nilikwenda Tarime mjini kwa mkereza vyuma. Akachonga bushi, nyuzi nje, nyuzi ndani, akaitia. "Mura, kaza kwa mkono. Ikigusa, robo mzunguko, uiache."

Tundu la plagi nalo limeanza kulegea. Kioo cha pembeni kinashikiliwa na mpira.

Oili sasa nabadilisha mwenyewe. Kijana wa gereji ananuna nikipita, ati nimemnyima riziki. Nimemnyima.