Muulize Tantine: Dar kwa Begi Moja

Wiki hii meza ya Tantine imejaa barua za vijana wa Kalemie waliovuka ziwa kwenda kuuona mji wa Dar es Salaam kwa pesa ya kuhesabu. Sio wafanyabiashara, maana hao hawana muda wa kuandika. Ni wale wa begi mgongoni, mkate mfukoni na maneno mengi. Tantine anajibu kama kawaida: bila malipo na bila huruma.

Tantine, nilivuka hadi Kigoma kwa boti ya mizigo, nikalala juu ya magunia ili nibakize nauli ya treni. Nikafika stesheni dakika 20 kabla ya saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Nilikuta reli tupu na mbuzi wawili. Je, treni za kule huondoka kabla ya saa?
*Aliyeachwa, Kataki*

Mwanangu, treni iliondoka kwa saa yake. Wewe ndiye uliyefika kwa saa ya Kalemie. Jua la Kigoma ni hili hili tunaloanikia ndakala, lakini wao wanafuata saa ya Dar, sisi tunafuata ya Lubumbashi, na wako mbele yetu kwa saa nzima. Mshale unasogezwa pale pale bandarini, unapotoa kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wala usiinunie reli: imefika Kigoma tangu 1914, imeshazoea kuacha watu. Ukipata treni nyingine, jiandae kwa zaidi ya kilomita 1,200 kwenye benchi la daraja la tatu. Kinachopungua kwenye nauli hulipwa kwa makalio.

Tantine, nilishuka Dar na vumbi la nchi nzima. Chumba nilichopata ni cha bei ya chini, lakini maji ya kuoga yanauzwa kwa ndoo. Nikachukua sabuni yangu nikaenda Coco Beach, kama tunavyofanya ziwani nyumbani. Nilisugua mpaka mkono ukachoka, povu halikutoka. Waliokuwa wanakula mihogo wakageuza viti wanitazame vizuri. Usiku mwili wote uliwasha, na shati lilikauka likasimama lenyewe. Au nilinunua sabuni mbovu?
*Mweupe kwa Chumvi, Kituku*

Sabuni haina kosa, mwanangu. Umezaliwa kando ya maji matamu yenye kina cha mita 1,470, ukadhani kila maji mapana ni bafu. Bahari ina chumvi, na kwenye chumvi sabuni haitoi povu. Nunua ndoo mbili, moja ya kuoga na moja ya kuomba radhi kwa uliolala nao chumba kimoja. Safari nyingine usiulize bei ya kitanda peke yake: uliza maji, uliza choo, na uliza feni mara mbili, maana joto la Dar hulowesha hata shati lililo kambani. Aliyeona aibu kuuliza mlangoni huja kuchekwa ufukweni.

Tantine, nilificha dola 50 ndani ya soksi. Noti safi, haina hata tundu la sindano. Nikampa konda wa daladala. Aliiinua juu, akaionyesha gari zima, wakacheka mpaka kituo cha mwisho. Mbona hawaiheshimu dola?
*Tajiri Asiye na Nauli, Lubuye*

Hapa kwetu tumezoea mifuko miwili: dola ya kodi ya nyumba, franka ya nyanya. Kule shilingi ndiyo mwenye mji, na tangu 2025 serikali yao imekataza watu kulipana ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Hata bila sheria, konda angekutolea wapi chenji ya dola 50? Badilisha benki au kwenye duka la kubadilishia fedha, utembee na noti ndogo. Ukishuka kwenye daladala tanguliza mguu wa kushoto, kisha kabla ya kuvuka barabara tazama kulia kwanza. Wao huendesha kushoto. Macho yaliyofundishwa Kalemie hutazama upande ambao hakuna kinachokuja.

Tantine, mimi ni mtoto wa Kalemie, naishi Mbagala na mke na watoto, vyumba viwili. Mtoto wa binamu ya mama alifika “kwa siku mbili”. Huu ni mwezi wa pili. Asubuhi anakwenda kupiga picha mabasi ya mwendokasi, jioni anauliza bukari iko wapi. Anasema yeye ni mtalii wa bajeti.
*Bajeti Yenyewe, Mbagala*

Pole, baba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mbagala kama hakuna shamba, mpe kikapu: alfajiri aende Feri, kwenye mnada wa samaki, akapigane bei na mama lishe. Sensa ya 2022 ilihesabu Dar watu zaidi ya milioni 5, na wengi wao saa hiyo wako macho wakitafuta. Akirudi na samaki na chenji, ameuona mji. Akirudi na picha tu, mwonyeshe njia ya stesheni, na umwambie Tantine anamsalimu: aniletee vitenge viwili vya bluu, alipe yeye kwanza. Mimi pia ni mtu wa bajeti.